Kuendesha umoja wa gofu wa wanawake wa kanda: maneno ya katibu aliyekabidhi sanduku

Kwa miaka minane buti la gari langu halikuwa langu. Lilikaliwa na sanduku la plastiki la bluu lenye kadi za mchezo, penseli fupi fupi, tepu ya kupimia, kitabu cha risiti, mhuri, na khanga mbili za kutandika mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi ya umoja wetu wa wanawake wacheza gofu wa Kaskazini, sisi wa Arusha, Usa River, Moshi na kule TPC kwenye mashamba ya miwa. Januari nilikabidhi. Dada aliyenipokea akaniomba nimwandikie kazi inavyokwenda, na baadaye wawili wa kanda nyingine wakaniomba hivyo hivyo. Nawaandikia wote kwa pamoja, nisirudie mara tatu.

Hesabu watu kabla ya kuandika katiba

Wengi huanza na katiba, nembo na fulana. Anza na daftari. Nenda kila klabu, uliza ni akina mama gani wanacheza, mara ngapi kwa mwezi, hendikapu zao ngapi (yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji ili ashindane sawa na aliye hodari kuliko yeye), nani ana usafiri na nani anategemea lifti. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata majina 61. Nikayapigia simu yote. Waliokuwa bado wanacheza ni 34, na kati yao wenye hendikapu chini ya 18 walikuwa tisa.

Hao tisa ndio walionifumbua macho. Mashindano yetu yote yalikuwa yamepangwa kwa ajili yao: mashimo 18, kila mkwaju uhesabiwe, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Wale 25 waliobaki walikuwa wanakuja mara moja, wanarudisha kadi ya mikwaju 130, wanakaa hadi jioni kuwapigia makofi watu walewale, kisha huwaoni tena. Mchezaji hodari atacheza, katibu awepo asiwepo. Madina Iddi wa Arusha, aliyekwenda kutwaa mataji hadi nje ya nchi, hakuzihitaji penseli zangu. Anayekuhitaji ni yule mama wa hendikapu 36 ambaye akiinua mfuko wa fimbo mume anamuuliza, "Leo tena?" Mpangie yeye. Wale tisa watakuja tu.

Ukishawajua watu wako, ndipo mkae muandike katiba. Kurasa nne zinatosha. Michezo hapa nchini iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na mlango wa kuingilia ni Afisa Michezo wa wilaya au mkoa wako. Nenda mwenyewe, usimtume kijana, na ubebe nakala tatu za kila karatasi. Kwa upande wa mchezo, mkubwa wenu ni TLGU, chama cha taifa cha gofu cha wanawake. Msishindane nacho. Ratiba yao ikitoka, ninyi mnaipanga yenu kandokando yake.

Ndani ya katiba pigania mambo mawili, mengine yaache wanaopenda kubishana wabishane. La kwanza, ukomo wa uongozi: miaka miwili, kurudiwa mara moja. Mimi nilikaa minane kwa sababu kipengele hicho hakikuwepo na kila mkutano mkuu watu waliinamisha macho mezani. La pili, fedha zitoke kwa sahihi mbili kati ya tatu, na mwenye kitabu cha hundi asiwe mwenye kitabu cha risiti.

Kalenda

Hapa ndipo umoja unapokufa au kupona. Kaa nayo Novemba, usingoje mwaka uanze.

Weka kwanza tarehe usizoweza kuzisogeza: mashindano ya taifa, Pasaka, kufunguliwa kwa shule. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo ole wako unakili kalenda ya mwaka jana. Machi hadi Mei ni masika. Arusha uwanja unalowa, mpira ukianguka unazama ulipoangukia na makedi, wabeba fimbo wetu, wanatembea na gambuti. Miezi hiyo fanyeni mafunzo ya kanuni ukumbini. Januari na Februari TPC ni tanuri. Panga, lakini wa mwisho awe ameondoka tii ya kwanza, pale mpira unapoanzia, kabla ya saa tatu asubuhi, na maji yawe kila baada ya mashimo matatu.

Desemba ndiyo siri yetu sisi wa Kaskazini. Wachaga wanarudi nyumbani. Barabara kutoka Segera imejaa, Moshi hakuna pa kuegesha gari, na ndani ya magari hayo wamo akina mama wa Dar es Salaam wanaocheza Gymkhana na Lugalo, fimbo zao ziko nyuma na wameshachoka na ndugu kufikia tarehe 27. Mashindano yetu ya tarehe hiyo yalianza na watu 12. Mwaka wa nne tulifunga orodha kwenye 48 na bado nilikuwa napigiwa simu na mashemeji.

Tarehe 8 Machi waachie wenye kampuni. Kila mdhamini anataka Siku ya Wanawake, kila klabu imeshakodishwa, na ninyi mtaishia kuvaa fulana za mtu mwingine.

Kila tarehe uliyoipanga, iombe uwanja kwa barua, upate jibu kwa barua. Si kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu wa nahodha wa wanaume. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili tulifika klabu moja saa moja asubuhi, wanawake 29, wengine wametoka Arusha saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya vituo vya mwendo wa hamsini njiani, tukakuta tii ya kwanza imejaa wageni wa kampuni fulani na hema la chai limeshasimama. Meneja akasema, "Mama, hamkuthibitisha." Sikuwa na karatasi. Tulianza saa tano na nusu juani, wanne wakaacha katikati. Tangu siku hiyo sandukuni lilikuwemo faili la kijani la barua zilizojibiwa, na nililitoa hadharani mara mbili.

Hendikapu, usiikwepe hesabu

Katibu asiyeielewa hendikapu atadanganywa na kila mtu, tena kwa upole. Tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa hendikapu, na hauna ugumu kama wanaume wa baa ya klabu wanavyoufanya. Fahirisi ya mchezaji, yaani namba ya hendikapu anayotembea nayo kila uwanja, inatokana na raundi zake 8 bora kati ya 20 za mwisho. Kikomo ni 54.0, kwa wanawake na wanaume sawa. Mtu mpya anahitaji kadi za mashimo 54 tu ili aanze, na mashimo hayo si lazima yawe ya raundi tatu ndefu: tisa mara sita yanakubalika. Hili liandike kwa herufi kubwa ukutani. Mama mwenye duka Kiboriloni hawezi kupata saa tano za Jumamosi, lakini saa mbili za Jumatano jioni anazipata. Kwa njia hiyo tulisajili wanawake 14 mwaka mmoja.

Fahirisi si mikwaju atakayopewa siku hiyo. Inabadilika kulingana na uwanja. Chukua mwenye 24.6 anayekuja kwenye uwanja ambao tii za wanawake zina slopu (ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida) 128, kipimo cha uwanja (mikwaju ya mchezaji hodari) 73.4, na pa (mikwaju iliyowekewa uwanja) ya 72. Zidisha 24.6 kwa 128, gawa kwa 113, unapata 27.87. Ongeza tofauti ya 73.4 na 72, yaani 1.4, inakuwa 29.27. Kwa mashindano ya mtu mmoja mmoja chukua asilimia 95 ya hiyo: 27.8, kwa hiyo anacheza na 28. Hiyo 113 ni slopu ya uwanja wa kawaida, basi. Fanya hesabu hii kwa mkono mara kumi, kisha ndiyo uiachie programu ya simu.

Swali la kumuuliza kila meneja wa uwanja ni moja: tii hizi zimepimwa kwa wanawake, na lini? Si vipimo vya wanaume vilivyopunguzwa kwa kukisia. Kama tii ya mbele ilihamishwa mita 30 kwa sababu ya bomba lililopasuka na haikurudishwa, kipimo cha kwenye kadi hakisemi tena ukweli, na hesabu yako yote inayumba.

Sasa, wapo wanaoficha kadi. Mama anacheza vizuri wiki nzima, kadi nzuri anaiacha kwenye mkoba, mbovu anaziingiza, halafu siku ya zawadi anaibuka na pointi 44, nyingi kupita kiasi. Kumgombeza hakusaidii, atalia na klabu nzima itakuchukia. Ingiza matokeo ya mashindano mwenyewe jioni ileile kabla hujanywa chai, na umwombe mtu wa hendikapu wa klabu yake akuonyeshe kadi za raundi ambazo kedi wake anazikumbuka. Makedi wanakumbuka kila kitu. Kamati ya hendikapu ina mamlaka ya kumrekebisha mchezaji, mradi apewe nafasi ya kujieleza. Tulilazimika kufanya hivyo mara moja tu. Habari ikaenea, na kadi zikaanza kutoka mikobani.

Siku yenyewe

Katibu hachezi siku ya mashindano. Nimejaribu, haiwezekani: uko shimo la 11, simu inaita, mtu amekuja na mpwa wake badala ya mwenzake aliyeugua.

Kwa siku ya mchanganyiko wa hodari na wanaoanza, tumia mtindo wa Stableford. Mchezaji anapata pointi kwa kila shimo, mbili akipiga pa baada ya kutolewa mikwaju yake ya hendikapu, tatu akiipunguza kwa mmoja, moja akiizidi kwa mmoja. Shimo likimshinda anaokota mpira, anasonga mbele na heshima yake. Mama aliyepiga mikwaju 11 bunkani, kwenye mchanga, hahitaji kuhesabu wa 12, na walio nyuma yake hawahitaji kumsubiri. Ile ya kuhesabu kila mkwaju ibaki mara mbili kwa mwaka, kwa wanaoitaka.

Droo usiiache kwenye kundi la WhatsApp lijipange. Watajipanga marafiki na marafiki, na wageni wanne watajikuta peke yao, hakuna anayejua mpira ukiingia kwenye mfereji unafanywaje. Watatu watatu, dakika kumi kumi, kila kundi liwe na angalau mmoja anayejua kanuni. Kozi ya kanuni ya R&A, chombo kinachotunga kanuni za gofu, ya ngazi ya kwanza iko mtandaoni; lazimisha kamati yako nzima iifanye, mwenyekiti akiwemo. Wakiijua kanuni moja tu, iwe ya dakika tatu: mpira ukitafutwa zaidi ya hapo umepotea. Ilipunguzwa kutoka dakika tano mwaka 2019, na bado nawaona watu wazima wakipekua nyasi kama wamepoteza pete ya ndoa.

Halafu kuna meza ya kadi. Mwaka wangu wa tatu, mashindano ya kuhesabu mikwaju, mama mmoja wa makamo alimaliza na matokeo ya maisha yake. Neti 69, yaani baada ya kutoa hendikapu. Alikuwa na miaka sita kwenye gofu na hajawahi kushinda hata kibao cha kukatia nyanya. Kadi imesainiwa naye na mwandishi wake, yaani mchezaji mwenzake anayemwandikia matokeo, imerudishwa, mimi nimeshaandika jina lake la kwanza kwenye ubao. Saa kumi jioni nikamwona anakuja mezani, kofia mkononi, kedi wake nyuma yake akiangalia chini.

"Katibu, pale namba saba mimi nilipiga sita."

Kadi ilisema tano. Kanuni haina huruma hapo: ukirudisha kadi yenye namba ndogo kuliko uliyopiga kwenye shimo, umeondolewa. Ingekuwa kubwa kuliko aliyopiga, ingebaki hivyo hivyo na angeumia yeye. Jumla ikikosewa si shida yake, kujumlisha ni kazi yetu. Lakini namba ya kila shimo ni yake. Nilifuta jina lile kwa pindo la khanga kwa sababu sikupata kifutio. Akaniambia, "Si kitu, mwanangu," akaenda kukaa na wenzake na akapiga makofi hadi mwisho. Mimi ndiye niliyekwenda kulia chooni.

Kosa lilikuwa la nani? Langu. Nilikuwa napokea kadi dirishani kama tikiti za basi. Kuanzia hapo tukaweka meza kivulini, viti vinne, na sharti: mchezaji na mwandishi wake wakae, wasomeane shimo moja moja kwa sauti, wote wasaini, ndipo waondoke. Kadi haijarudishwa mpaka mchezaji atoke eneo la meza. Litangazeni hilo mapema, linampa mtu nafasi ya kukumbuka. Habari njema ni kwamba tangu kanuni za 2023 mchezaji halazimiki tena kuandika hendikapu kwenye kadi. Hilo ni jukumu la kamati, maana yake ni lako, na ndiyo sababu nyingine ya wewe kutocheza. Zipo pia kanuni za ndani mnazoweza kupitisha, mojawapo inayofanya kadi iliyosahauliwa saini iadhibiwe mikwaju miwili badala ya kuondolewa. Ipitisheni. Ibandikeni.

Waliofungana wanatenganishwa kwa mashimo tisa ya mwisho, kisha sita, matatu, na la mwisho. Kama mlianza wote kwa pamoja kutoka mashimo tofauti, amueni kabla ya mchezo kwamba "ya mwisho" ni namba 10 hadi 18 za kadi, si yale mtu aliyomalizia. Mkisubiri kuamua jioni, kila mmoja ana hesabu yake na zote zinampa yeye kikombe.

Fedha na zawadi

Aliyewahi kuongoza kikoba anajua tayari nusu ya kazi hii. Fedha ihesabiwe mbele ya watu, iandikwe siku hiyohiyo, isilale nyumbani kwa mtu. Mwaka wangu wa mwisho ada ya kucheza ilikuwa shilingi 40,000. Nusu ilikwenda uwanjani, 12,000 chakula, iliyobaki zawadi na karatasi. Mdhamini nilimhesabu kama mvua ya vuli, ikija tunashukuru. Bajeti isiposimama bila yeye, punguza vikombe. Mmoja alituahidi Julai, tukachapisha mabango yenye jina lake, hadi leo namsubiri.

Msisahau kwamba sisi ni wachezaji wa ridhaa. Kanuni mpya za ridhaa za 2022 zinaruhusu zawadi isiyozidi thamani ya pauni 700 za Uingereza, au dola 1,000, na kwenye mashindano yanayochezwa kwa hendikapu fedha taslimu hairuhusiwi kabisa. Mdhamini akija na bahasha kwa moyo mweupe, mwombe aigeuze iwe vocha au kifaa. Na jamani, si hotipoti. Nina hotipoti saba. Mume akishinda anapewa fimbo mpya, mke akishinda anapewa kitu cha kumpikia huyo mume. Sisi tulianza kutoa mipira, glavu na vocha za somo kwa kocha. Mshindi wa kundi la hendikapu 28 kwenda juu alipata masomo matano. Msimu uliofuata akatuhama kundi.

Gawa zawadi kwa makundi, kuanzia kundi la wageni wa mchezo. Wakiitwa mwisho, nusu wameshaondoka kuwahi giza.

Makedi walipwe siku hiyohiyo, kwa kiwango kilichobandikwa, na chakula chao kiwe kwenye bajeti. Wengi wa wachezaji wetu wazuri walizaliwa jirani na uwanja na walianza kwa kuokota mipira. Mabinti hao wakitaka kujifunza, wapokeeni, lakini kwa utaratibu: barua ya mzazi, watu wazima wawili kila safari, na binti asipande gari la mtu peke yake hata huyo mtu awe nani. Kuna mjumbe aliyeona namdhalilisha kwa sharti hilo. Aliacha ujumbe, sharti likabaki.

Kukabidhi

Mpishe mwenzako ukiwa bado unapenda kazi. Nilifanya kosa la kusubiri hadi nichoke, na mwaka wa mwisho nilikuwa mkali kwa watu wasio na hatia. Miezi mitatu kabla, mrithi wako aje akae nawe meza ya kadi. Mpe nywila zote kwenye karatasi, si kwenye simu yako. Badilisheni majina ya watia saini benki kabla ya sherehe ya kuaga, kwa sababu baada ya sherehe hakuna atakayekupeleka.

Sanduku la bluu nililikabidhi kwenye maegesho ya Usa River, tukihesabu kimoja kimoja: kadi 200, penseli 63, tepu, mhuri, faili la kijani, risiti kuanzia namba 0412. Khanga moja ilikuwa imebaki na doa la chaki ya ubao, pale kwenye pindo. Dada akauliza kama aitupe. Nikamwambia hiyo naichukua mimi.